Siku Mashine Ilipomkubali Muzee Sebahire Peke Yake

Kama umewahi kusoma kwenye chuo chetu hapa Goma, basi Havugimana Télesphore amewahi kukukatalia kitu. Usione haya, mko wengi. Alimkatalia mkuu wa kitivo cha sheria, akamkatalia padri aliyekuja kubariki jengo jipya, na mimi Bibiche, sekretari wa kitivo, niliyempikia chai tangu wiki yake ya kwanza kazini, amenikatalia mara nyingi kuliko mume wangu. Kazi yake ni kusimamia mtandao wa chuo: nani aingie, nani abaki nje. Kuna watu ambao Mungu huwapa kazi wanayoipenda. Télesphore alipewa kazi inayofanana naye, na hilo ni balaa zaidi.

Ukitaka kujua ugonjwa huo ulianzia wapi, uliza mwaka 2002. Volkeno iliposhuka mjini, Télesphore alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baba yake aliwatoa wote nje, akaufunga mlango kwa kufuli mbili, akavuta kitasa kuhakikisha, ndipo wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Waliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi linalofuka moshi, na baba alisimama juu yake akiwa na funguo mfukoni. Mtu mwingine angejifunza kwamba kufuli ni bure. Télesphore alijifunza kwamba kufuli zilikuwa chache.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anakabidhiwa mtandao ambao una neno la siri moja kwa watu wote. Siri gani? Wauza samaki wadogo, sambaza, wa soko la Kituku waliijua. Watoto wa mtaa wa Katoyi waliijua kabla ya kujua kusoma. Ukuta wetu wa mawe ya volkeno ulikuwa na migongo ya watu tangu asubuhi, kila mmoja ameinamia simu yake, na mama mmoja alihamishia pale meza yake ya mikate kwa sababu wateja walikuwa wameketi tayari. Télesphore alibadilisha neno la siri asubuhi. Kufikia mchana ukuta mzima ulikuwa unalo. Na mimi nitasema kweli, sikuona ubaya. Kwetu jirani akikuomba moto huwezi kumnyima, kwa kuwa ukimpa wa kwako haupungui. Watu waliuweka mtandao kwenye fungu hilohilo.

"Mama Bibiche," alikuwa ananiambia, "moto hiyohiyo njo inaunguza nyumba."

Hata mapenzi yake yalianza kwa kukataa. Umugwaneza Vanessa alikuwa mwanafunzi wa kilimo, binti wa mfugaji wa milima ya Masisi. Alikuja kwenye dirisha la ofisi na kadi iliyopitwa na muda, Télesphore akamrudisha. Kesho yake akaja kumtukana. Kesho kutwa akaja tena kumtukana, safari hii amesuka nywele. Sisi wanawake wa ofisi tulielewa mapema; yeye alichukua muhula mzima. Mwishoni familia zikakubaliana, siku ya mahari ikawekwa mwisho wa Mei 2021, na Jumamosi moja kabla ya siku hiyo kufika, volkeno ikashuka tena.

Baada ya siku chache ardhi ilikuwa bado inatetemeka, na serikali ikatuamuru tuondoke mjini. Kila mtu alibeba alichokithamini. Mimi nilibeba sufuria na picha ya marehemu mama. Télesphore aliingia chuoni, akang'oa serveur, ile mashine kuu inayotunza majina yote, akaifunika blanketi la mtoto isipate vumbi, akaipakata kifuani na kutembea nayo hadi Sake. Watu walimpisha njia. Njiani, pale Mugunga, mama mmoja akamsimamisha kwa huruma.

"Papa, mutoto anapumua?"

"Anapumua," akajibu, na kuendelea na safari.

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema. Vanessa, aliyekuwa nyuma yake na godoro kichwani, alinigeukia: "Mama Bibiche, ninaolewa na mutu mwenye alishaoa."

Basi mahari ikaahirishwa kwa sababu ya volkeno. Ikapangwa upya, vita ikaanza upande wa Rutshuru, Kibumba ikatekwa, na baba yake mdogo Télesphore, Twagirayezu Viateur, aliyepaswa kuwa msemaji wa upande wa bwana harusi, akatua Goma na mbuzi mmoja na wajukuu wengi. Ikapangwa tena, vita ikapanda Masisi. Muzee Sebahire, baba yake Vanessa, akateremka kwa miguu hadi Goma, akapanga vyumba viwili Katoyi na binti yake. Ndugu zake walitawanyika kwenye kambi za wakimbizi, huyu huku, yule kule. Ng'ombe wake hawakuweza kushuka naye. Aliwaacha kilimani na mchungaji wake, Gisubizo, akamwambia atarudi kabla ya mvua. Mvua zimekuja na kwenda, unajua mwenyewe.

Katikati ya ng'ombe wale alikuwamo mmoja asiyekuwa wa muzee. Mtamba wa rangi ya kahawia, jina lake Bihogo, ambaye Télesphore alimnunua kwa ajili ya mahari na kumwacha palepale kilimani, kama wengi wanavyofanya, asubiri siku yake. Kwa desturi ya wafugaji wale, ng'ombe wa mahari hawi mahari mpaka aonekane. Siku ya kuomba binti, wazee wakishamaliza maneno yao, mtu wa upande wa binti hutoka nje, hukagua ng'ombe, hurudi na kutangaza mbele ya wote: nimemwona, ni mzuri. Bila tangazo hilo hakuna kilichotolewa na hakuna aliyeolewa. Na barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa kwa watu, sembuse ng'ombe.

Muzee hakuwa mtu wa kupindisha. "Ng'ombe sijaiona kwa macho yangu, mbele ya bazee," alisema, "mutoto haondoke kwangu." Vanessa naye akasema lake: ameahirishwa vya kutosha, safari hii ikiharibika anaenda kwa shangazi yake Bukavu na asifuatwe. Kwa hiyo Télesphore alikuwa na ng'ombe asiyeweza kuja, mkwe asiyeweza kwenda, na mchumba asiyetaka kungoja.

Ni muzee mwenyewe aliyefungua njia, bila kujua. Kila Jumamosi alikuja kwenye ukuta wetu na watu wa ukutani wakampa jiwe zuri la kukalia. Gisubizo alipanda kule kilimani mahali panaposhika réseau, mtandao wa simu, kidogo, akampigia simu ya video, na muzee akawaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina. Nimeona kwa macho yangu: ng'ombe aliyekuwa akila aliinua kichwa, akatafuta sauti ile inatoka wapi. Muzee alicheka kama mtoto. Kwa mega, data ya kununua, hawezi, zinaisha ng'ombe hajageuka. Vanessa akaona hayo akasema, basi, Bihogo ataonekana hivyohivyo. Wazee watakusanyika, simu itashikwa, muzee atamwona ng'ombe mbele yao kwa macho yake. Muzee aliwaza siku mbili tatu, akakubali. Macho ni macho, alisema.

Na wakati huohuo, kwa kuwa furaha haiji Goma bila mwenzake, chuo kikaamua kubadilisha mlango wa mtandao.

Rekta, mkuu wa chuo, alituita kwenye salle, ukumbi wetu, akatueleza kwamba washirika wetu wa ng'ambo hawapendi hali ya ukutani. Mfumo mpya umefika. Hakuna tena neno la siri la wote: kila mtu ataingia kwa jina lake, kila simu itaandikishwa. Mgeni atasema yeye ni nani, anamtembelea nani, kwa sababu gani, na yule mwenyeji ataulizwa kwenye simu yake kama kweli anamjua. Akisema hapana, mgeni anabaki nje. Tuliobaki tulikuna vichwa. Télesphore alikaa wima, macho yanang'aa, kama mtu anayesikia Injili kwa lugha ya mama yake.

Alifanya kazi hiyo kwa miezi. Ukutani habari zikafika, wakaanza kumsalimia kwa heshima ya kutisha. Mama wa mikate alimpelekea mkate, akaurudisha. Vanessa alimuuliza swali moja tu.

"Na papa?"

Télesphore akakohoa. Akasema papa ataandikishwa kama mgeni, kwa sheria, na atakuwa wa kwanza ili kujaribu mfumo. Muzee akaitwa ofisini, akaketi na kofia magotini.

"Papa, mashine inauliza: unakuya kutembelea nani?"

"Bang'ombe yangu."

"Inataka mutu wa hapa chuoni, papa."

"Basi weye."

"Na sababu ya kuingia?"

"Nilishakuambia. Bang'ombe."

Mtu mwingine angeandika "utafiti" na maisha yangeendelea. Télesphore aliandika: kuangalia ng'ombe wake. Mashine ilitafakari kidogo ikakubali, kwa sababu haikujali sababu ni ipi, mradi pasiwe patupu. Hivyo mtu wa kwanza kuingia kihalali kwenye mtandao mpya wa chuo kikuu chetu, kabla ya rekta, kabla ya profesa yeyote, alikuwa mfugaji aliyeacha shule darasa la tatu.

Sasa sikia jambo lenyewe. Rekta alitaka mlango mpya uanze kazi rasmi Jumamosi, wanafunzi wakiwa wachache. Wafanyakazi na wanafunzi wangeingizwa Jumatatu, siku ambayo washirika wanakuja kutazama. Jumamosi hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya mahari, kwenye cantine, mkahawa wa chuo, kwa ruhusa. Nikamwendea Télesphore nikamwambia kwa upole, na mimi upole hunichosha: acha lile neno la siri la zamani siku moja zaidi, wazee waone ng'ombe wao, jioni ufunge.

"Mama Bibiche," akasema, "nikifungulia bakwe yangu inje ya sheria, Jumatatu nitafungia nani?"

"Utafungia ile kichwa yako!" Nilipandisha sauti, nakiri. "Mwanamuke anangojea tangu volkeno!"

Vanessa, alipoambiwa, alisema basi Télesphore aioe serveur, tayari ina blanketi.

Lakini Télesphore alikuwa amepanga kila kitu. Ujumbe wote wa upande wake ungeandikishwa mlangoni kama wageni, simu zao zote, ili kila mzee amwone ng'ombe kwenye simu yake. Na kwa kuwa siku hiyo mwenyeji kwa desturi ni baba wa binti, alimpa Muzee Sebahire kwenye mashine haki ya kuwa mwenyeji: yeye ndiye angeulizwa kama anawajua. Alijivunia sana jambo hilo. Mashine yake inaheshimu mila, alisema. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameomba ruhusa kazini, akajiandikisha kama mgeni pamoja na wengine. Haiwezekani, alisema, mtu awe bwana harusi na administrateur, msimamizi wa mtandao, kwa wakati mmoja.

Jumamosi ikafika, jua zuri, mlima umejifunika wingu kama kawaida yake. Mimi niliketi kwenye geti na kompyuta yake, niandike majina. Ujumbe ukaja: Papa Viateur mbele na fimbo yake, wazee nyuma, Télesphore katikati kwenye koti lililombana mabegani. Ndani ya cantine Muzee Sebahire alikuwa ameketi na simu yake mkononi, akiwa baba wa binti na msemaji wake pia, maana ndugu waliopaswa kumsemea walikuwa kambini.

"Karibuni," nikasema. "Jina?"

"Mutu wa njia," akajibu Papa Viateur.

"Papa Viateur, mimi nakujua tangu ulipokimbia Kibumba."

"Leo haunijue."

Hapo ndipo nikaelewa. Kwa watu hawa hakuna anayekuja kuomba binti akasema amekuja kuomba binti. Huo ni ushamba. Unakuja umepotea njia, unaomba moto, unatafuta ndama aliyetoroka. Hujitambulishi, na baba wa binti hakujui, hajakuona, hana binti, na kama alikuwa naye basi amekuwa mtawa. Anakukatalia, unarudi, anakukatalia tena, watu wanacheka, utamu wote uko hapo. Binti anayetolewa kwa swali la kwanza ana kasoro.

"Munatembelea nani?" nikauliza, kwa sauti ya mtu anayezama.

"Hatutembelee mutu. Tulipotea. Tuliona moshi, tunaomba moto."

Niliandika majina yao ninayoyajua, mwenyeji Muzee Sebahire, sababu: kuomba moto. Mashine ikakubali sababu, ikapeleka swali kwenye simu ya muzee: Je, unawajua watu hawa? Kupitia mlango wazi wa cantine nilimwona muzee akivaa miwani, akisoma polepole, na uso wake ukafunguka. Tangu akimbie Masisi hakuna aliyemuuliza kitu kwa heshima kama ile.

"Sijapata kubaona!" akapaza sauti, akabonyeza Hapana.

Vigelegele. Wazee wakapiga makofi. Papa Viateur, damu imemchemka, akaagiza niulize tena. Nikauliza. "Kwangu hakuna moto!" Hapana. Kicheko mpaka geti. Niliwapungia mikono, nikasema jamani, mashine hii haina utani, lakini nani anasikiliza sekretari siku ya mahari? Mara ya tatu muzee akasimama kabisa, akatangaza kwamba watu hawa wana sura ya wezi wa maziwa, akabonyeza Hapana kwa kidole kizima. Na mashine, ambayo ilikuwa imefundishwa na Télesphore kwamba mtu akikataliwa mara tatu asisikilizwe tena siku hiyo, ikaufungia ujumbe wote nje ya mtandao, pamoja na bwana harusi. Desturi ina mara ya nne, ile ya kukubali. Mashine haikuwa nayo.

"Fungua!" nikamwambia Télesphore. "Weye njo administrateur!"

Akainama kwenye kompyuta. Ili kufungua, mfumo ulidai namba inayotumwa, kwa mtandao huohuo, kwenye simu ya administrateur. Simu ya administrateur ilikuwa imekataliwa na baba mkwe wake. Télesphore aliitazama skrini, nikadhani atalia, kumbe machozi yalikuwa ya aina nyingine.

"Imefanya kazi," akanong'ona. "Mama Bibiche, imefanya kazi muzuri!"

Sikumpiga kwa sababu tu ya koti lile, lilikuwa la kuazima.

Ikabaki simu moja tu kwenye uwanja mzima yenye mtandao, ile ya mgeni wa kwanza. Wazee wakashauriana wakaona hakuna kilichoharibika: kwa desturi anayekagua ng'ombe ni mmoja. Tukaingia wote cantine, mambo yakaendelea. Moto ukaombwa kwa maneno, ukatolewa kwa maneno, binti aliyekuwa mtawa akatoka utawani. Ikafika saa ya kumwona ng'ombe. Muzee akatoka barazani, akaniita nimshikie simu kwa sababu jua lilikuwa linapiga kioo. Ujumbe ukasimama hatua chache kutoka kwetu, umejipanga, unasubiri tangazo. Mlangoni Vanessa alikuwa amechungulia, amevaa vazi la sherehe, mushanana, la rangi ya maziwa, amesahau kwamba bibi harusi hachungulii.

Simu ikaita. Uso wa Gisubizo ukatokea, umevimba upande mmoja. Hakusalimia. Aligeuza simu taratibu, nikaona kilima, majani, zizi lililofunguliwa, nguzo zimelala chini. Nilitafuta ng'ombe nyuma ya majani. Muzee hakutafuta, alijua mara moja.

"Balikuya asubui, saa ya kukama," sauti ya Gisubizo ikasema, ndogo sana. "Na bunduki. Baliswaga yote, muzee. Hata ndama."

"Ba nani?"

"Sijue. Sijue, muzee."

Muzee Sebahire aliinua kichwa, akawatazama watu waliokuwa wakimsubiri.

"Siione ng'ombe," akasema.

Wote wakaangua kicheko. Wangefanya nini? Hayo ndiyo maneno yenyewe, kila baba wa binti huyasema, siku zote huanza kwa kutomwona. Papa Viateur akatupa fimbo juu akaidaka. "Utaionaje, muzee, kama pembe yake inawaka hivi? Imekuchoma macho!"

"Nabaambia, haiko."

Kicheko kikazidi. Mzee mmoja alijishika mbavu. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Télesphore. Sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma kabla ya siku ile. Alikuwa anapiga makofi, anamtazama mkwe wake kwa upendo, kama kwamba mzee yule anaigiza vizuri kwa ajili yake tu.

"Ng'ombe haiko," muzee akasema mara ya tatu, na sauti yake ikakatika. "Yote haiko."

Vigelegele vikapanda. Nilifungua mdomo niwanyamazishe. Muzee akanishika mkono, akakaza mpaka ukauma.

"Nyamaza," akaniambia.

Alimwangalia Télesphore, na meno yake, na koti lake la kuazima. Akageuka akamwangalia binti yake mlangoni. Kisha akachukua simu mkononi mwangu, akaifuta kioo kwa mkono wa shati polepole, kama kwamba shida ilikuwa vumbi, na akaiweka mfukoni.

"Nimeiona," akasema. "Ni Bihogo."

Wakasogea karibu, maana sasa ilikuwa kweli, au ndivyo walivyojua. Muzee akamsifu. Akasema mgongo wake umenyooka kama njia ya Ngungu wakati wa kiangazi, akasema pembe zake, kwato zake, namna anavyonusa maji kabla ya kunywa. Alipommaliza Bihogo hakukoma. Akamtaja mama yake Bihogo, akamtaja yule mweupe, yule mwenye doa, yule mzee aliyetangulia wengine mtoni, mmoja mmoja, kwa majina, kila mmoja na sifa yake, mpaka zizi lote likapita pale barazani. Wazee walisema hawajasikia sifa za namna ile tangu ujana wao. Nilikuwa nalia waziwazi. Mwanamke mmoja alinipa kitambaa akasema, ndiyo, harusi hizi zinagusa.

Vanessa akaolewa. Tulikula, tulikunywa, tulicheza. Muzee alicheza pia, mikono juu, mfano wa pembe.

Jumatatu washirika wakaja, wakasifu. Télesphore aliwaeleza jinsi mfumo ulivyojaribiwa Jumamosi katika mazingira magumu, ukawazuia wote waliopaswa kuzuiwa, ukamruhusu mmoja aliyeruhusiwa, na picha ikawa safi kiasi kwamba mkwe wake alihesabu hadi kwato. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na kalamu. Niliandika: kwato.

Mchana ofisi ya Télesphore ilizingirwa. Watu wote wa ukutani walikuwa dirishani, wanasukumana, kila mmoja na simu yake na kilio chake: niingize, mimi ni nduguye fulani, niingize, mimi nilisoma hapa. Nilikuwa ndani namsaidia kuwafukuza. Muzee Sebahire akapita katikati yao na kofia mkononi, wakampisha.

"Papa!" Télesphore akasimama. "Connexion ya mtandao iko na shida?"

"Hapana, mutoto wangu. Iko muzuri. Nilikuya unitoe mule mu mashine."

Télesphore hakuelewa. Katika maisha yake yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kumwomba kutoka.

"Nikutoe? Juu ya nini, papa?"

"Sina tena wa kuangalia kule."

"Na Bihogo? Na zingine? Jumamosi uliona..."

"Jumamosi nilibaambia mara tatu siione," muzee akasema taratibu, bila hasira yoyote. "Mulicheka."

Nilimwona Télesphore akihesabu kichwani, neno kwa neno, kama anavyofanya mashine ikimletea kosa. Aliponigeukia, niliitikia kwa kichwa. Akaketi. Akaweka viganja juu ya meza, akavitazama, na yule mtu niliyedhani hana machozi ila ya serveur akaanza kulia kwa sauti, mbele ya mkwe wake, jambo ambalo ni mwiko, na mbele ya dirisha zima.

"Basi, basi," muzee akamwambia, akimgusa bega. "Unitoe tu. Batu ni bengi pale inje, banaomba kuingia. Nafasi yangu upatie mwingine."

Kwenye mashine zile nafasi haziishi, na kutoka kwa mmoja hakumfungulii mwingine. Télesphore anaweza kukueleza hayo kuanzia asubuhi hadi jioni. Hakueleza. Alimtoa muzee kama alivyoomba, akajipangusa uso, akaenda dirishani na kompyuta mkononi, na kumuuliza mama wa mikate jina lake.